Maji Yalitosha

Chumba cha Pampu,
Sitaha ya Chini,
Chomboni.

Siku ya 2,104 ya safari
(kwa kalenda yako ya ukutani, Jumanne ya pili ya mwezi wa tano)

Mpendwa kaka yangu,

Shikamoo. Na kwa kuwa jibu lako litachukua zaidi ya saa nzima kunifikia, nimejiitikia marahaba mwenyewe ili tuendelee.

U hali gani? Mgongo je? Katika barua yako ya mwisho ulisema uliinua friji la muuza nyama peke yako ukalala chali siku tatu. Kaka, una miaka hamsini na mbili. Friji halijui kama wewe ni fundi bingwa. Ngoja watu wawili waje, hata kama wanachelewa, hata kama mwenye friji anakupigia kelele nyama inaharibika.

Wifi yangu naye hajambo? Kile kifua kimetulia? Na Mama, bado anakataa fimbo? Najua anachosema: fimbo ni ya wazee, yeye ana sabini na nane tu. Mbembeleze pole pole. Kidoti mwanangu nitaandika habari zake chini, maana yeye hatoshi kwenye mstari mmoja wa salamu.

Mimi ni mzima. Nimepungua kilo nne na nimeota mvi upande wa kushoto peke yake, sijui kwa nini upande huo. Nalala vizuri, nakula vizuri. Mwenzetu anayetunza bustani amefaulu kuotesha maharage mafupi ambayo yanazaa bila kuchoka, kwa hiyo tunakula maharage bila kuchoka, au niseme tumechoka lakini tunakula.

Sasa nije kwenye lililonikalisha hapa. Najua umeshapata ile karatasi kutoka makao makuu. Nimeambiwa iliandikwa hivi: "Safari imerefushwa kwa sababu za kiufundi." Maneno sita. Najua ulivyoyasoma, ukayageuza, ukatazama na nyuma ya karatasi kama kuna kingine. Pole sana, kaka. Dishi letu kubwa lilikuwa na hitilafu tangu tulipoizunguka ile sayari, tukawa tunatuma maneno machache ya kikazi tu. Limetengemaa juzi. Hii ndiyo barua ya kwanza niliyoweza kukuandikia kwa miezi zaidi ya miwili, na ndani yake yamo ambayo sitaki uyasikie kwa mtu mwingine.

Unakumbuka nilivyokueleza mpango wa kurudi. Tukishamaliza kazi kule mwisho, tunarudi kwa kupita karibu na sayari kubwa. Hapo ndipo njia panda. Ukiwasha injini kwa saa ulizopangiwa, unashika njia fupi, miaka miwili uko nyumbani. Usipowasha, sayari yenyewe inakurusha njia ndefu. Miaka tisa.

Wiki mbili kabla ya kufika, vali ya injini ilikwama. Fundi wa injini wetu, ambaye tunamwita Kelele kwa sababu haongei, alikaa nayo siku tatu. Alitoka huko na vidole vimechubuka akatuambia injini itawaka, lakini haitapunguzika tena. Mpango ulikuwa iwake taratibu kwa siku mbili. Sasa ingewezekana kuwaka kwa nguvu zote tu, dakika kumi na moja, basi. Katika dakika hizo kila mtu angekuwa mzito mara saba ya uzito wake. Mtu mzima wa afya, akilala kwenye kiti chake na kufungwa mikanda, atatoka na maumivu ya kifua na macho mekundu. Hata mimi ningetoka.

Daktari asingetoka.

Nilikuandikia habari zake mwaka jana. Ndiye mkubwa wetu kwa umri, ana sitini na moja, mtu mrefu anayeinama kila mlango hata ule usiomgusa. Mwaka jana moyo wake ulimsumbua, akajitibu mwenyewe, mimi nikiwa nimeshika taa. Tangu siku hiyo anatembea kama aliyebeba bakuli la mchuzi. Yeye ndiye aliyepima, akafanya hesabu, akatuletea jibu bila kubadili sauti: moyo wake hauwezi dakika mbili za uzito ule, sembuse kumi na moja.

Nahodha akauliza makao makuu. Wakakaa kimya siku nzima, kisha wakasema uamuzi ni wa walio ndani ya chombo. Siwalaumu. Lakini nilitamani sana, kaka, mtu mwingine aamue.

Tulikutana chumba cha kulia, watu sita, meza ikiwa na vikombe ambavyo hakuna aliyevigusa. Daktari ndiye aliyeanza.

"Nisikilizeni, nisije nikarudia," alisema. "Mtu ana siku yake. Yangu ikiwa ni hiyo, ni hiyo. Hamniui. Nyinyi mnawasha injini, mimi nakutana na siku yangu. Mna watoto. Nendeni nyumbani."

Alisema kwa upole, kama anayemwambia mgonjwa avue shati. Akatabasamu hata. Nakwambia ukweli, ndani yangu kuna kitu kilichosimama wima kwa furaha. Nilikiona. Kilisema: amesema mwenyewe.

Tukamtazama rubani. Huyu ndiye anayeamini kuliko sisi sote kwamba kila jambo limeshaandikwa, hata ukimwaga chai anasema chai ile haikuwa yako. Tulijua ataunga mkono. Alikaa anakuna mkono, mwisho akasema, "Daktari, mimi naamini siku imeandikwa. Siijui tarehe yake, lakini naamini. Tatizo langu ni dogo. Kitufe kile nabonyeza mimi. Kidole ni hiki." Akakiinua tukakiona. "Sijaambiwa kwamba na hiki kimeandikwa."

Nahodha alikuwa anaandika kitu, akaweka kalamu chini akanigeukia. "Kabla hatujabishana bure. Njia ndefu, miaka tisa. Maji yatatosha?"

Kaka, hapa ndipo ninapotaka unisome pole pole.

Unajua kazi yangu. Maji tunayokunywa leo ndiyo tuliyooga juzi, na wifi asisome mstari huu akiwa anakula. Yanazunguka, yanapita kwenye machujio, yanarudi. Machujio yakiisha, maji yameisha. Nilikuwa na machujio mapya arobaini na moja. Kitabu cha mtengenezaji kinasema kila moja linafanya kazi siku themanini. Zidisha. Unapata siku 3,280. Miaka tisa ni siku 3,285. Zinapungua tano.

Kwa hiyo kwa kitabu, maji hayatoshi. Yaani ningefungua ukurasa tu, nikauonyesha, nikasema "hayatoshi," na lile jambo lingeishia pale. Tungeshika njia fupi, daktari angekufa, na hakuna ambaye angenilaumu hata kidogo, hata daktari. Wangesema ndivyo ilivyokuwa iwe. Kama ni kuandikwa, hilo ndilo lililokuwa limeandikwa, tena kwa wino wa kiwandani.

Lakini mimi nimeyaosha machujio hayo kwa mikono yangu miaka mitano na zaidi. Najua ukiyaosha kila siku ya tano kwa maji vuguvugu, ukayaanika ukutani penye bomba la moto, yanafika siku mia moja. Hilo haliko kwenye kitabu chochote. Liko kwenye vidole vyangu tu.

Nikamwomba nahodha siku moja ya kuhakikisha. Nikashuka huku. Hakukuwa na cha kuhakikisha. Nilikaa kati ya matangi, nikaitoa picha ya Kidoti, ile aliyong'oka meno mawili ya mbele. Alikuwa na miaka minane nilipomwacha. Kwa njia fupi ningemkuta ana kumi na mitano na kitu, bado ananihitaji, hata kama ni kwa kunifungia mlango wa chumba. Kwa njia ndefu ningemkuta mwanamke. Na Mama je? Sabini na nane jumlisha tisa. Nilihesabu hivyo mara nyingi, kaka, kana kwamba jumla ingebadilika nikihesabu tena.

Nisikudanganye kwamba nilishinda haraka. Nilipanda ngazi asubuhi yake sijui nitasema nini. Nahodha akauliza, "Enhe?" Mdomo wangu ukasema, "Yatatosha." Ndipo na mimi nikajua.

Nahodha akaanza kura. Daktari akainua mkono ili aseme. Nahodha akamwambia, "Hili wewe hupigi kura."

"Moyo ni wangu."

"Ndiyo maana."

Bwana bustani alisema njia ndefu, na kwamba tujiandae na maharage. Rubani akasema njia ndefu. Mimi nikasema njia ndefu. Kelele, ambaye sijawahi kusikia sentensi yake ndefu kuliko hii, alisema, "Mwanangu alizaliwa nimeshaondoka. Sijamgusa. Mimi nataka nyumbani, na sitasema vingine ili nionekane mwema." Nahodha akaandika jina lake upande mwingine peke yake, akamshukuru kwa kusema kweli. Kisha akaandika la kwake kwenye upande wetu. Wanne kwa mmoja.

Daktari aliinuka akatoka. Hakutushukuru. Tulimsikia akikohoa kwenye ujia, kikohozi cha mtu asiyekohoa.

Siku sita baadaye tulipita sayari. Ilijaa dirishani kutoka pembe hadi pembe, rangi ya mti uliokatwa. Dakika zile kumi na moja tulikaa wote pamoja bila kufunga mikanda, injini imezimwa, saa ya ukutani inahesabu. Zilipokwisha rubani alishusha pumzi akasema, "Haya, tumekwenda." Kelele akaenda kulala. Daktari akatupima mapigo mmoja mmoja, ingawa hakuna aliyeumwa.

Natamani ningeishia hapo, ungefurahi nawe. Lakini daktari alifariki, kaka. Siku ya sitini na moja baada ya kupita sayari, baada ya kifungua kinywa, akiwa ameketi kwenye meza yake ya kazi. Hakuita mtu. Bwana bustani alimpelekea nyanya ya kwanza kuiva akadhani amesinzia.

Nadhani umeshaona tulichokiona sisi. Mlango wa njia fupi umefungwa nyuma yetu na haufunguki. Aliyetufanya tusiuingie hayupo. Miaka tisa iko pale pale, hakuna anayetupunguzia.

Rubani hakusema kitu kuhusu kuandikwa. Nilimsubiri aseme, nikiwa nimejiandaa kumjibu vibaya. Siku ya tatu nilimkuta anasugua sakafu ya chumba cha daktari, mahali pasipo na doa. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Pengine siku yake ilikuwa hii tangu zamani. Basi nimefurahi haikuwa ile." Nikachukua kitambaa cha pili nikaanza upande mwingine.

Kelele ndiye niliyemwogopa. Wiki nzima hakula nasi. Jana alishuka huku kwenye pampu, akasimama mlangoni ameuziba wote. Akasema, "Nilisoma kitabu cha machujio. Siku themanini."

Nikasema, "Ndiyo."

"Ungesema hayatoshi, ningekuamini."

"Najua."

Akaingia ndani. "Nimejaribu kukukasirikia tangu Jumatano. Siwezi. Nipe kazi."

Nikampa machujio manne ya kuosha. Anayaosha kwa nguvu mno kama anakung'uta zulia, ikabidi nimshike mkono nimwonyeshe. Leo amerudi tena. Hatujaongea sana. Mwenyewe unajua ni Kelele.

Kaka, nina ombi. Mke wa daktari anakaa mtaa wa nyuma ya soko, nyumba ya ghorofa moja yenye ngazi za nje, anafundisha hesabu shule ya msingi. Makao makuu walimpelekea habari juzi. Bila shaka naye amepata maneno sita. Nenda ukamwone. Usipige simu, nenda, na uende na wifi. Mwambie mumewe hakuteseka, hilo ni kweli. Akikuuliza kuhusu kura, mwambie yote, na kwamba mumewe alitaka sisi turudi. Usilipambe wala usilipunguze. Akilia kwa sababu mumewe alikuwa tayari kufa bila kumuaga, mwache alie, ana haki hiyo.

Halafu mwambie na hili. Kwa miaka mitano na nusu mumewe alimwandikia barua nne. Nne, kaka, aliniambia mwenyewe. Zote zinasema ni mzima na kazi ni nyingi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa wa wale wanaodhani watasema wakifika. Asubuhi baada ya kupita sayari alianza kuandika. Kila siku moja. Nilimuuliza siku moja anaandika nini chote hicho, akasema, "Namweleza nilichokula, na nilivyomkuta mara ya kwanza amegombana na kondakta. Najaribu kukumbuka gauni." Dishi lilikuwa halitumi, zikawa zinajipanga zikisubiri. Nimezituma leo kabla ya hii yangu. Ya mwisho ina mistari minne na imekatika katikati ya sentensi. Nahodha aliuliza kama tuimalizie kidogo, isimkate maini. Sote tulikataa. Ziko sitini na moja. Mwambie asizisome zote kwa siku moja.

Ukiniuliza kama ilikuwa bure, jibu langu ni hizo. Sina jingine, na sidai kwamba linatosha kila saa. Kuna asubuhi linatosha, kuna asubuhi naosha machujio huku nalia. Lakini mikono yangu haitetemeki ninapoinywesha meza nzima maji niliyoyasafisha. Ingetetemeka, kaka. Hilo nina hakika nalo.

Nisalimie Mama. Mwambie namwomba aniombee, na atumie fimbo, na kwamba nikichelewa kumkuta asidhani nilimsahau. Umwambie hilo la mwisho siku atakayokuwa na nguvu. Msalimie wifi sana, yeye ndiye aliyemfunda mwanangu mambo ambayo mimi sikuwepo kumfunda, na sijui nitamlipa nini. Wasalimie mapacha wako, waambie shangazi yao anawakumbuka ingawa bado hawezi kuwatofautisha hata kwenye picha. Msalimie baba mdogo na jirani mshona viatu.

Kidoti nimemwandikia mara saba nikafuta. Kila nikianza, barua inakuwa ya kujitetea. Kwa hiyo nakutuma wewe, mjomba wake, kwa mara hii moja, kisha nitaendelea mwenyewe. Usimsubirishe jambo lolote kwa ajili yangu. Akitaka kusoma mbali, aende. Akimpata mtu wa kumuoa, msimamie. Akinikasirikia, msimkataze, hasira hiyo ni yangu nitaipokea nikifika. Ila kuna watu watakaomfariji kwa kumwambia kwamba mama yake hakuwa na la kufanya, kwamba mambo ya huko juu yalishapangwa. Usikubali aambiwe hivyo. Mwambie mama yake aliulizwa, akajibu.

Mungu awaweke, awape afya na mlo wa kutosha, na nyumba yenu isikose vicheko hata siku moja. Jifunike vizuri asubuhi, na friji uliache chini.

Ni mimi mdogo wako wa pekee, nikupendaye sana,

Fundi wa Maji